Nikinyamaza, Njia Iko Wazi

Kitengela, 2 Februari 2025

Yeyo mpendwa,

Nainamisha kichwa uniguse, vile mtoto anasalimiwa, hata kama ni kwa karatasi. Mimi ni mzima. Miguu yako imepunguza kufura? Na ile mashine ya kusafisha damu pale Kajiado bado inakuchosha? Papa naye, mbona siku hizi hapiti Kitengela kama zamani?

Uliniuliza kazi yangu ni gani, kwa sababu kanisani wanakuuliza. Waambie nafundisha magari kuona. Huko ng'ambo kuna magari yanajiendesha, hayana dereva. Mimi naletewa picha za barabara kwa kompyuta, nachora sanduku juu ya kila kitu: huyu mtu, hii baiskeli, huyu ng'ombe. Kutwa nzima. Usicheke. Gari kama hilo halisinzii, halilewi, halishindani na mtu. Asiyeona anaingia nyuma, anasema anaenda wapi, anapelekwa. Nikikumbuka vile tulimzika Nick wa jirani kwa sababu ya dereva aliyelala, naona kazi hii iko na maana.

Mwambie Papa pia asinicheke.

Binti yako,
Resian

Kajiado, 9 Februari

Resian wangu,

Takwenya. Najua umeitika. Barua yako Kuntai wa maziwa ameileta kwa pikipiki, juu ya mitungi, inanuka maziwa ya mala. Nakujibu kwa kalamu kwa maana network iko juu ya kilima na miguu yangu haipandi.

Nimecheka, pole. Gari bila mtu, na nani atasalimia watu njiani? Papa yako anauliza kama hilo gari linajua ng'ombe. Anasema mmoja akivuka usiondoke, wengine wako nyuma yake, na nyuma ya wengine kuna mtu. Waandikie wazungu wako hivyo.

Sasa, kuna kitu nimekuficha na kinanila. Papa yako haoni. Ni presha ya macho. Tangu Desemba anaona mwanga na kivuli peke yake. Na kila Jumanne na Ijumaa bado ananipeleka kusafishwa damu na pikapu. Mimi nakaa kando yake nasema, yeye anazungusha usukani. Mimi macho, yeye mikono. Tunaiacha kwa posho mill, pale wanasaga unga, nje ya mji, tunaingia kwa miguu, ameshika bega langu. Watu wanasema, ona vile huyo mzee anapenda bibi yake.

Usimwambie mtu.

Yeyo wako

Kitengela, 12 Februari

Yeyo,

Nimekusalimu. Mnataka kuniua? Anayeendesha haoni, na anayeona ametolewa damu yote akarudishiwa, anatoka pale na kizunguzungu. Na mkigonga mtoto wa mtu? Mwambie Papa apeane ufunguo.

Nimemuuliza bosi wangu, Gichuru, hayo magari yatafika kwetu lini. Aliniangalia kama mtu mgonjwa. Akasema yanataka barabara yenye mistari. Yeyo, kwetu hata lami haiko. Nilienda chooni nikalia. Kila siku nawachorea watu wa mbali macho, na baba yangu hana. Mimi mwenyewe hata kuwasha pikapu sijui.

Njooni mkae na mimi, hata kama ni chumba kimoja. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti.

Resian

Kajiado, 23 Februari

Resian, mtoto wangu,

Hatujambo, na wewe usilie kazini. Nilimwambia. Alimaliza chai yake, halafu akasema mzee akipeana ufunguo, kesho ndugu zake wanakuja kugawana ng'ombe wake na bado anapumua. Kuja Kitengela hataki kusikia. Boda nilijaribu, nikazimia, nikaanguka kwa mchanga. Gari la jirani Ledama ni la siku ya soko tu. Na nikikosa ile mashine wiki moja, unanizika. Sasa nichague gani, niambie wewe uliyesoma.

Lakini kama gari linafundishwa, lifundishe njia yetu. Nakuandikia ya kurudi, ndiyo ngumu. Ukitoka posho mill kuna matuta mawili, na watu wengi, enda kama umebeba mayai. Mtoni shika kulia, kushoto maji yamekula. Kwa Mama Nasieku mbuzi zinalala katikati ya barabara. Piga honi mbili, subiri, ziko na kiburi. Kutoka hapo mpaka kwetu ni tambarare, hakuna kitu. Papa yako anahesabu mia tatu, anapunguza mwendo, na mbwa akibweka tumefika. Hapo kwa tambarare mimi hupumzika. Nimemwambia, nikinyamaza, jua njia iko wazi.

Yeyo wako

Kitengela, 6 Machi

Yeyo mpendwa,

Nainamisha kichwa, na leo niguse kwa furaha. Umelala vizuri? Papa ameamkaje? Njia yako nimeisoma mpaka naiona nikifunga macho.

Nimepata mtu. Anaitwa Omolo, jirani yangu hapa plotini. Ameendesha lori huko Magadi miaka mingi, na amekubali kuja kukaa kwenu awaendeshe. Tutasema ni mtu wa kuchunga, heshima ya Papa ibaki. Mjaluo akichunga ng'ombe watu watacheka, wacha wacheke. Nakuja naye Jumamosi.

Kuntai atakupa hii asubuhi kabla mtoke. Hii Ijumaa ndiyo ya mwisho nyinyi wawili. Nakuomba, mwende polepole.

Binti yako,
Resian

Kajiado, 30 Machi

Resian,

Anayeandika ni mwalimu Nelima, mimi Papa yako nasema. Amekubali kutobadilisha neno. Ng'ombe wako salama, mvua bado. Omolo alinipikia samaki. Nilikataa, halafu nikakula. Wewe unakula?

Siku ya mazishi uliniuliza Yeyo wako alisema nini mwisho. Kulikuwa na watu wengi. Sasa nakuambia.

Alitoka kwa mashine akiwa mchovu sana. Mtoni alisema shika kulia. Kwa Mama Nasieku alisema honi, nikapiga mbili, tukasubiri. Akasema, "Zimepita. Enda." Halafu akanyamaza, na mimi nikajua njia iko wazi.

Nilikuwa na furaha, Resian. Asubuhi alikuwa amenisomea barua yako, na sikuwa nimemjibu. Sasa kwa tambarare nikamwambia sawa, huyo Mjaluo aje, nimechoka kuogopa. Hakujibu, nikasema anapumzika. Nilihesabu mia tatu. Nikapunguza mwendo. Mbwa akabweka. Nikazima gari, nikamwambia tumefika.

Nilimwambia mara tatu.

Ufunguo nimempa Omolo. Ndugu zangu wakija, waje. Wewe usiache kufundisha hayo magari. Wakikuuliza faida yake ni gani, usianze na mambo ya walevi na usingizi. Waambie siku hiyo ningekuwa nimeshika mkono wake, si usukani.

Papa yako