Fungu la Mto

Dada yangu,

Shemeji hajambo? Huku sote wazima, ila mama bado anagombana na goti lake.

Kikao cha nchi yetu na hiyo ulikoolewa kinaendelea, na mimi ndiye mkalimani. Jana mawaziri waligawana maji ya mto yote, nusu kwenu nusu kwetu, wakapeana mikono. Nikakumbuka kisima chako, kule mto unapoingia baharini na kuizuia chumvi isipande. Maneno yakanitoka, kwa lugha yao: "Na mto wenyewe tunauachia nini?"

Mkalimani hana lake la kusema, dada! Waziri wenu akadhani ameulizwa na waziri wetu. Akavua miwani, akasema, "Kweli, hilo hatukulifikiria. Tutalijadili kesho." Wa kwetu, ambaye hakuuliza kitu, akaona haya kukana.

Sasa nimekaa kwenye korido, na humo ndani wanasikiliza rekodi ya jana, wajue swali lilitoka kwa nani.

Wewe uwe unaonja maji ya kisima. Siku yakiingia chumvi, ujue swali lilifutwa, nami pamoja nalo.

Mdogo wako,
yule yule asiyejua kunyamaza