Ziwa la Kuruthumu lina dudu

Samia upo? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Natoka kwa wifi yangu Kuruthumu. Si unajua wamemkata kipande cha nyama kwenye ule uvimbe wa ziwa, kimepelekwa Dar kupimwa. Majibu bado. Simu yoyote ikilia anajishika kifua.

Sasa kumbe kabla hajaugundua alikuwa anamwachisha mwanawe Mgeni ziwa. Akajipaka shubiri, akamwambia mtoto, "Usiguse, lina dudu." Kama tulivyodanganywa sote.

Leo mama yangu kaja kutoka Kiwangwa na mananasi yake. Ndugu wamejaa mkekani, pole nyingi, macho yote kifuani kwa mwenzao. Kuruthumu akamnyooshea mwanawe mikono. Mtoto akarudi nyuma, akasema kwa sauti, "Mama ana dudu."



Kuruthumu maskini akajichekesha, akaeleza habari ya shubiri. Yangeisha. Lakini mama yangu, mama yangu mzazi Samia, akampakata mtoto, akasema, "Mwacheni. Madaktari wanasuasua, huyu mwenzao kishatoa majibu."

Na watu wakacheka. Walicheka, Samia.

Kuruthumu akaingia chumbani. Nikamfuata. Nikamkuta kajifunua, anapitisha kidole kwenye ziwa. Akaniletea kile kidole mdomoni.

"Wifi, hebu onja. Shubiri bado ipo, eti? Ndiyo anayoikimbia?"

Nikaonja. Hamna kitu, jasho tu.

Nikamwambia bado chungu sana.