Kutu ya Bangili Yangu

Jabe, Bujumbura, mwezi wa saba 1974

Massoudi, mujukuu wangu, mume wangu mudogo,

Barua yako ilifika, na picha umevaa koti kama gunia. Kula.

Unaandika eti huko Ulaya unamulika kutu nyeusi ya shaba kwa mashine ya eksirei, uone elektroni zake zimekaa namna gani. Myaka ine ya chuo juu ya kutu. Mi kutu hiyo niliisugua kwa ndimu na majivu kwenye sufuria za babu yako, na hakuna aliyenipa diplome.

Na mi walinipiga eksirei hapa. Muganga akasema nivue bangili ya shaba, ile babu yako aliniundia siku ya harusi. Tangu siku ile ilikuwa haijatoka mukononi. Sasa iliteleza yenyewe. Akatazama picha ya kifua changu, akasema Ramadhani sitaifikia. Nikamwambia yeye si Mungu. Basi, tuache hayo.

Bangili nimeifunga humu. Usiisugue, weusi wake ni jasho yangu. Iweke kwenye mashine yako, uone unachotaka. Kisha usiirudishe kwa posta. Uilete wewe mwenyewe, univalishe.

Bibi yako,
Mwanne