Aliyewasha Moto wa Pasaka

Bremen, 24 Aprili 2019

Kwako ndugu Eilert,

Salamu. Natumai goti limepungua maumivu na Antje hajambo. Mimi mzima, ila roho haijatulia, na kwa kuwa simu yangu hupokei, naandika.

Nilikuja kwenu Westerhamm Ijumaa Kuu kama mgeni. Kuni za moto wa Pasaka, ambao kijiji huuwasha Jumamosi usiku, zilikuwa malori matatu. Mawili nilileta mimi, kwa dizeli yangu. Nikalinda rundo pamoja nawe ili vijana wa Ollerdeich, kijiji jirani mnachoshindana nacho, wasije kuliwasha mapema. Jumamosi alfajiri likaungua, na kijiji kizima kikanitazama mimi! Kisa, nilizaliwa Ollerdeich; wewe pia, ila wewe ni mkazi wao. Habbo, jirani yako, akaniuliza mbele ya watu, "Vipi Onno, wenzako wamekulipa bia ngapi?" Wakacheka. Wewe ukatazama viatu vyako. Nyumbani, mkeo Antje akanimiminia chai kikombe kimoja, akaondoa birika. Kimoja! Nyumba ambayo hata mleta barua hatoki kabla ya cha tatu.

Sikutaka utetezi mkubwa. Ungesema tu, "Si yeye." Nini kilikushinda?

Ndugu yako,
Onno

Westerhamm, 30 Aprili

Ndugu Onno,

Sisi wazima, goti ndilo hilo hilo. Usilikuze jambo, watu watasahau. Ila kipaimara cha binti yetu Wiebke ni Jumapili tarehe kumi na mbili Mei, na watu bado wanakusema. Najua wewe ni baba yake wa ubatizo. Labda safari hii utume kadi tu. Atakuelewa.

Ndugu yako,
Eilert

Bremen, 3 Mei

Eilert,

Hujambo? Mimi sijambo, na akili yangu pia haijambo.

Nilimbeba mtoto yule kwenye maji ya ubatizo, leo nitume kadi! Nimekaa nikapiga hesabu, kama nifanyavyo paa la mteja linapovuja. Mvua ilinyesha wiki nzima. Kuni zile zisingewaka kwa kiberiti. Zilimwagiwa mafuta ya taa. Asubuhi ile dumu lilikuwa mtaroni, lile la mfuniko wa kijani, la ghalani kwako. Ulilisukuma kwa mguu chini ya tela, nikadhani umechanganyikiwa. Na nani aliniambia, "Kalale kidogo, Onno, nitalinda mwenyewe"? Uliwasha wewe. Sababu siijui. Niambie kabla sijamwandikia Habbo.

Onno

Westerhamm, 7 Mei

Ndugu yangu Onno,

Barua hii ikukute salama. Usimwandikie Habbo, nakusihi.

Si mimi. Mimi nilipitiwa na usingizi. Ni Wiebke. Binamu zake wa Ollerdeich walimwambia hathubutu, akathubutu. Dumu nililitambua, nikamuuliza, akalia. Habbo ni mzee wa kanisa. Akijua, mtoto hatasimama na wenzake Jumapili. Nikaona wewe unaishi mbali, hutadhurika kitu. Wiebke mwenyewe anataka kusema. Mimi ndiye ninayemzuia.

Ndugu yako,
Eilert

Bremen, 9 Mei

Eilert,

Msalimie Antje. Msalimie sana Wiebke.

Habbo sitamwandikia. Siku ile ya ubatizo nilikubali kumsimamia mtoto, na sikuweka sharti kwamba asiwe mkorofi. Akitaka kusema, mwache aseme. Nitakuwa kando yake. Asipotaka, waendelee kunitazama mimi, mgongo wangu umebeba vigae vizito kuliko hivyo. Lakini aamue yeye, si wewe.

Jumapili nitakaa benchi la mbele. Baada ya ibada nitampa mkono, kisha nitapanda gari langu. Mezani kwako msiniwekee sahani.

Baba wa ubatizo wa Wiebke,
Onno