Kengele ya Chumba cha Mionzi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mama. Natumaini mgongo wa mama umetulia, na kwamba cherehani mpya haikutoi jasho kama ile ya zamani. Kwa upande wa kazi mimi sijambo. Habari ya afya nitaieleza hapo chini.

Uliniuliza, kwa utani wako ule, ninachoma nini maabara mwaka mzima bila hata harufu. Ninachoma mishipa ya damu. Seli zake tunazitoa kwenye vitovu vilivyokatwa watoto wakizaliwa, mama zao wakikubali, tunazikuza kwenye visahani, nazo hushikana zikawa vijibomba vyembamba kuliko uzi wako. Tukiziwekea seli za uvimbe jirani, vijibomba huota matawi kuzifuata, maana uvimbe ni mgeni asiye na haya, ukifika tu unaagiza chakula. Ndipo tunapiga mionzi. Kesho yake seli za mishipa huonekana nzima, ila nyingi hazigawanyiki tena. Vijibomba hukatika na uvimbe hukosa chakula. Lakini zikibaki chache zenye nguvu, uvimbe huziita, na mishipa huota upya.

Uliuliza pia kama mionzi hiyo hainidhuru, nami nikakupiga chenga. Ukweli ni kwamba hatukai nayo. Kengele ikilia kila mtu anatoka, mlango mzito unafungwa, mashine inawaka. Nimezoea hadi miguu inatoka yenyewe.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Lile paja nililosema nilijigonga mezani, sikujigonga. Ni uvimbe, na ni saratani. Daktari amesema wataupiga mionzi kwanza, kisha waukate. Ukinywea na kuachana na mshipa mkubwa, mguu utabaki. Usiponywea, mguu utakatwa.

Jumatatu nililala chini ya mashine. Mtaalamu alinichora alama pajani, akaniambia nisitikisike, akatoka. Kengele ikalia. Dada, niliinuka, nikachukua viatu vyangu, nikamfuata. Alidhani nimeghairi. Nilipomweleza kazi yangu alicheka hadi akaegemea ukuta, nami nikacheka, kisha nikalia mbele yake. Alinirudisha, na mara ya pili nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili hadi mwisho.

Naogopa. Nimeona visahani vingi mno vilivyoota upya.

Mama usimwambie kwa sasa. Mwambie unakuja kunishonea mapazia, na kweli yangu yamechakaa. Nisalimie shemeji, umwombe abaki na mama wiki hizi. Ndani ya chumba hawaruhusu mtu mwingine, lakini nje ya mlango kuna benchi. Nikijua umekaa pale, kengele ikilia sitainuka.

Mdogo wako,
Kijiti