Mwacheni Eliya Aitike Mwenyewe

Makanya, Same

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na Baba bado anakataa kwenda kupima presha? Huko Kasulu nasikia mvua zinawamwagikia, huku sisi tunaota jua tu. Tupo lakini. Baba Eliya anaendelea na kazi kwenye machimbo ya jasi, akirudi ni mweupe kuanzia kope mpaka kandambili, Eliya akimwona anacheka mpaka anapaliwa.

Lile darasa la muziki la Same mjini bado tunaenda kila Alhamisi. Eliya sasa ana miaka mitano, akijikaza mgongoni ni kama nimebeba gogo. Kuna mzee aliyepooza upande mmoja, anatikisa kayamba kwa mkono wa kushoto. Kuna binti asiyesikia, analaza kiganja juu ya ngoma na mdundo hakosei. Mwalimu anaimba, "Eliya yuko wapi?" halafu ananyamaza, ili Eliya ajibu kwa sauti au kwa kupiga ngoma, vyovyote awezavyo. Anasema mtoto mwenye mtindio wa ubongo anasikia, ila jibu linachelewa njiani. Tumsubiri tu.

Mama, watu wa huku hawawezi kusubiri! Wamelelewa kwenye kwaya, ukianzisha wimbo usiitikiwe wanaona umeaibishwa. Mwalimu akinyamaza tu, ukumbi mzima, "Yuko hapaaa!" Tena sauti zote nne. Ameomba, amekataza, wapi. Hata yule mzee wa kayamba anaitikia, na maneno mengine yote yanamshinda. Huyo nashindwa kumkasirikia.

Alhamisi iliyopita wimbo uliposimama, Eliya akavuta pumzi, midomo ikajikusanya. Nikasema moyoni, leo! Mama Namsifu, bibi wa Kipare anayemleta mjukuu wake, akadakia, "Yuko hapaaa!" Eliya akafunga mdomo.

Nikashindwa kujizuia. "Bibi, kwani wewe ndiye Eliya?"

"We mtoto, wimbo hauachwi ukaning'inia. Nimemsaidia."

"Miaka mitano anasaidiwa! Atasema lini yeye?"

Watu wakaguna. Nikaona aibu, nikapiga magoti nikaomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, lakini ulimi huu siuwekei dhamana."

Sasa na wewe nisamehe, Mama. Ndiyo maana nimeandika, kwenye simu hunipi nafasi. Kila Jumapili unamwimbia mjukuu wako ule wimbo wa kumbembeleza, unaitikia mwenyewe, unacheka mwenyewe, unakata. Anabaki ameikodolea simu macho. Na mara mbili sauti yake imetoka, Mama, kweli imetoka! "Aaa" ndefu, ya kuitikia kabisa. Ulikuwa umeshakata.

Nilikaa chini nikalia, na kucheka pia nilicheka.

Nisalimie Baba, kaka mkubwa na wifi yangu, na shangazi anayeuza mawese, mwambie khanga aliyotuma ndiyo ninayombebea Eliya. Huyu jirani anayekuletea barua umpe uji, ametoka mbali.

Jumapili imba mstari wako, kisha nyamaza. Usiseme haloo, haloo. Ukisikia kimya, simu haijakatika, Mama. Ni mjukuu wako yuko njiani anakuja.

Binti yako akupendaye,
Neema, mama Eliya