Ndege ya Masaa Tisa

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, mchana

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi. U mzima? Wifi yangu na watoto hawajambo? Yale mafua yako yameisha? Natumai umepona, maana wewe ukiugua kidogo lazima ukoo mzima upate habari. Mimi sijambo. Magauni ya harusi yamejaa humu mpaka sina pa kuweka kikombe cha chai, na mgongo unauma, lakini kazi ndiyo hiyo.

Mama ni mzima wa mwili. Ninakuandikia kwa sababu moyo wake umevunjika, na aliyeuvunja ni wewe.

Tumepata mpangaji mpya chumba cha mbele, dada mmoja mpole anayekatia watu tiketi za ndege. Alhamisi alileta sketi nimpunguzie. Mama, kama kawaida yake, akamtajia mji wako na kusikitika ulivyo mbali. Dada wa watu akajibu bila nia mbaya kwamba si mbali hivyo: kilomita elfu saba na ushee, masaa tisa, unapanda asubuhi na jioni umeshafika.

Mama akacheka. Akamwambia ni siku tatu angani, mwanawe mwenyewe ndiye aliyemweleza. Mpangaji aliposhangaa, mama akamtuliza: labda ndege zenu ni mpya, anazopanda mwanangu ni za zamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Unakumbuka ulivyomwambia mama siku baba alipofariki, kwamba hata ukiondoka saa ile utakuta tumeshazika. Mimi nilijua si kweli, simu ya kuangalia safari za ndege ninayo, lakini nilinyamaza kwa kuwa maneno yale yalimpa usingizi. Hujui alivyokutetea. Baba mkubwa alipokusema mbele ya waombolezaji, mama alisimama na kiuno chake kile kibovu, akamjibu kwamba mtoto wake hana mabawa. Tangu siku ile hakuna mgeni asiyesikia habari za siku tatu: maskini atalala wapi, atakula nini huko juu.

Sasa hasemi tena. Ijumaa aliniambia tu kwamba safari yake ya kwa mama mdogo, ile ya basi la usiku anayoshuka miguu imevimba, ni ndefu kuliko yako. Na huko yeye anakwenda kila mwaka.

Jana aliingia nikiwa nashona. Akauliza baba yenu tulimzika saa ngapi. Nikasema saa kumi jioni. Akauliza wewe tulikupigia simu lini. Nikasema asubuhi ya siku iliyotangulia. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi angewahi." Akatoka.

Sijui nini kilikuzuia, mdogo wangu. Kama ni kazi, kama ni vibali, kama uliogopa kumwona baba amelala vile, njoo umwambie yeye mwenyewe, ana kwa ana. Mimi nimeshindwa kumjibu.

Msalimie wifi, nibusie watoto. Baba mkubwa anakusalimu, maneno yake yale ameshayasahau. Mama mdogo naye anakusalimu sana. Mungu akulinde huko na akufungulie njia ya kuja.

Mama hajatuma salamu. Nilimwambia ninakuandikia, nikamsubiri, akaendelea kukunja nguo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda pamoja na hasira zangu zote.